Makapeni Jikoni: Kwa Nini Maua ya Kikombe Huondoka na Povu

Enzi za kuchoma CD, kila meza ya mtu wa tarakilishi ilikuwa na makapeni nyeusi ya kuandikia diski. Miaka ya mwanzo ya 2010 kalamu hiyo hiyo ikaingia jikoni. Picha za vikombe vyeupe vilivyochorwa maua na majina zilienea mtandaoni, hasa Pinterest, na maelekezo yalikuwa mepesi: chora, tia kwenye oveni nusu saa, basi. Wengi walipoviosha mara mbili tatu, maua yaliondoka na povu.

Sasa utauliza, kalamu si imeandikwa kwamba wino wake ni wa kudumu? Hebu turudi nyuma kidogo, msomaji.

Karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, Iraki, walikuwa wakichora kwa buluu ya kobalti kwenye vyombo vyeupe. Wachina wa Jingdezhen, karne ya 14, wakaenda mbali zaidi. Walichora juu ya udongo wenyewe, wakafunika mchoro kwa utando unaogeuka kioo, kisha wakachoma chombo kwa joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Rangi ikafungiwa chini ya kioo, ambako kijiko hakifiki wala sabuni haifiki. Vipande vya kauri hiyo vimefukuliwa Gedi, karibu na Malindi, mji uliohamwa karne ya 17, na buluu bado ni buluu.

Hao walikuwa mafundi wenye tanuri. Na mtu wa nyumbani je?

Hapa ndipo pananivutia zaidi. Mwaka 1877 Mary Louise McLaughlin wa Cincinnati, Marekani, alitoa kitabu cha kuwafundisha wasio mafundi kuchora kauri. Wimbi likawa kubwa, hasa miongoni mwa wanawake. Walinunua sahani nyeupe tupu, nyingi kutoka Limoges, Ufaransa, wakazichora mezani kwao. Rangi yao ilikuwa unga wa madini uliochanganywa na unga wa kioo. Ukiichoma kwa nyuzi kama 700 hadi 850, inayeyuka na kushikana na utando wa sahani. Kuchora uliweza kukufanya sebuleni, kuchoma hukuweza. Ilibidi sahani ipelekwe kwa mwenye tanuri, na ikipasuka njiani au motoni, kazi ya wiki nzima imekwenda. Miaka ya 1880 Susan Frackelton wa Milwaukee akaamua kulimaliza tatizo hilo, akasajili hataza ya tanuri dogo la gesi la kutumia nyumbani. Mimi namhesabu huyo mama kuwa mhandisi kamili.

Makapeni ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Lee Newman alisajili hataza ya kalamu yenye ncha ya felti mwaka 1910, Sidney Rosenthal akaleta Magic Marker mwaka 1953, na Sharpie ikatoka mwaka 1964. Wino wake ni rangi na utomvu ndani ya alkoholi. Alkoholi ikiruka, rangi inabaki na maji hayaiyeyushi. Hiyo ndiyo maana ya "kudumu": kwenye karatasi na katoni, vitu vinavyonyonya. Sahani hainyonyi chochote, kwa hiyo wino unakaa juu tu kama vumbi lililoganda.

Na oveni? Ya nyumbani huishia karibu nyuzi 250. Inaukausha utomvu zaidi, lakini kioo cha kikombe hakilainiki hata kidogo. CD tupu angalau ilibadilishwa na joto la leza. Kikombe chako kinatoka kama kilivyoingia.

Kufutika si ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa ni wino kuingia chakulani. Kalamu kuandikwa kwamba haina sumu ni habari ya kuandikia, si ya kulia ugali. Usichore ndani ya bakuli, wala pale midomo inapogusa.

Ukitaka kujaribu, tafuta kalamu ya rangi ya mafuta badala ya makapeni ya kawaida, maana rangi yake hushika zaidi. Pangusa kikombe kwa spiriti kwanza uondoe mafuta ya vidole, chora nje, chini ya ukingo, na ukioshe kwa mkono bila kukisugua kwa steelwool. Cha kuwekea kalamu mezani, chora unavyotaka.