Anwani Isiyofika: Historia Fupi ya Viungo katika Programu za Wavuti za Ukurasa Mmoja

Makala hii inafuatilia historia ya kosa dogo ambalo watafiti wa Kiswahili wamelizoea bila kulichunguza: kiungo kinachofunguka kikibofywa ndani ya tovuti, lakini kinachotoa ujumbe wa 404 kikinakiliwa katika marejeleo. Mwandishi alikumbana nalo alipohakiki hazina ya istilahi ya taasisi moja ya ukanda huu. Vidahizo vyote vilifunguka kutoka ukurasa wa mwanzo. Hakuna hata kimoja kilichofunguka kutoka tanbihi za tasnifu iliyovirejelea. Data ilikuwapo yote. Njia ya kuifikia ndiyo iliyokatika.

Katika wavuti wa miaka ya 1990, kila anwani ilikuwa ombi kwa seva, nayo seva ilijibu kwa kutuma ukurasa mzima. Tim Berners-Lee alipowasihi wenye tovuti, mwaka 1998, wasibadilishe anwani zao, aliona tatizo hilo kuwa la kiutawala zaidi kuliko la kiufundi. Hali ilibadilika pale kurasa zilipoanza kuomba data kidogo kidogo bila kupakiwa upya, mbinu ambayo Jesse James Garrett aliipa jina la Ajax mwaka 2005. Maudhui yalibadilika, anwani ikabaki ileile, na kitufe cha kurudi nyuma kikakosa pa kurudi.

Wahandisi walikimbilia alama ya reli (#), iliyokusudiwa awali kumwelekeza msomaji kwenye sehemu fulani ya ukurasa. Mwaka 2009 Google ilipendekeza alama hiyo ifuatwe na alama ya mshangao ili mitambo ya utafutaji iweze kuyasoma maudhui. Twitter ikaufuata mtindo huo mwaka uliofuata. Februari 2011 tovuti za Gawker, zilizokuwa zimeupokea pia, ziliwaonyesha wasomaji kurasa tupu kwa sababu JavaScript ilishindwa kupakiwa. Twitter iliuacha mtindo huo mwaka 2012, na Google ikaondoa pendekezo lake mwaka 2015. Kuuacha, hata hivyo, hakukufuta deni lake. Kinachoandikwa baada ya alama ya reli hakipelekwi kwa seva kamwe, kwa hiyo seva haiwezi kukielekeza kiungo cha zamani kwenye anwani mpya. Ni lazima msimbo wa kukitafsiri ubaki katika ukurasa wa mwanzo kwa muda wote ambao viungo hivyo vitaendelea kutumika. Sijui taasisi nyingi zenye bajeti ya kazi kama hiyo.

Suluhisho lililofuata lilitokana na HTML5: programu iliruhusiwa kubadilisha anwani inayoonekana kwenye kivinjari bila kuiomba seva chochote. Anwani zikawa safi, na hapo ndipo hitilafu ya hazina yetu ilipozaliwa. Programu ilitangaza anwani ya kila kidahizo, ilhali seva haikuarifiwa. Msomaji akiifungua anwani hiyo moja kwa moja, seva hutafuta faili yenye jina hilo, haiioni, na hujibu 404. Dawa yake ni kanuni fupi inayoiagiza seva itoe ukurasa mkuu kwa kila njia ya programu.

Tulipoiweka kanuni hiyo, 404 ilitoweka na ukurasa mweupe ukachukua nafasi yake. Msimbo ulikuwa umetajwa kwa njia inayotegemea mahali msomaji alipo, hivyo kivinjari kiliutafuta ndani ya folda ya kidahizo, na seva, kwa utiifu, ikakipa ukurasa mkuu badala ya msimbo. Tulipoandika njia kamili kuanzia mzizi wa tovuti, vidahizo vilifunguka. Kosa la tatu lilikuwa la kimyakimya: hata kidahizo kisichokuwapo sasa kilijibiwa 200, yaani "sawa", na zana ya kukagua viungo ikaripoti kwamba kila kitu ni kizima. Kwa mtafiti, kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa kuwa 404 angalau husema ukweli. Ilibidi seva iulize hifadhidata kwanza, ndipo ijibu.

Mkataba wa ujenzi wa hazina hiyo ulidai "tovuti ya kisasa" na kueleza rangi za nembo. Kuhusu udumu wa anwani haukuwa na kifungu hata kimoja. Tasnifu iliyotajwa ilikwisha kuchapishwa, na tanbihi zake zinamtaka msomaji aanzie ukurasa wa mwanzo, kisha atafute neno mwenyewe.