Kamera ya joto mikononi mwa fundi wa stima: Inachoona na isichokiona

MOTO unapoteketeza nyumba katika mitaa ya Kisauni, iwe ni Mtopanga, Magogoni, Mlaleo au Bamburi, maelezo yanayotangulia aghalabu huwa ni yale yale: hitilafu ya umeme. Ni nadra mtu kueleza hitilafu hiyo ilikuwa ipi. Mara nyingi hakuna aliyeiona, kwa kuwa waya uliolegea ndani ya soketi au nyuma ya bodi ya fyuzi huweza kukaa kimya, bila sauti wala harufu, hadi plastiki inayouzunguka ianze kuungua. Kinachotangulia, wakati mwingine kwa miezi kadhaa, ni joto.

Joto hilo ndilo linalosakwa na kamera ya joto, chombo ambacho zamani kilikuwa cha majeshi na makampuni makubwa, na ambacho leo chaweza kupachikwa kwenye simu ya mkononi. Kwa mwenye nyumba anayeonyeshwa picha yenye doa jekundu na kuambiwa kwamba bodi nzima sharti ibadilishwe, ni muhimu kujua picha hiyo ina maana gani. Kamera hii hueleza machache kuliko inavyodhaniwa, na asiyeijua humpotosha.

Asili yake

Mionzi inayonaswa na kamera hii iligunduliwa mwaka wa 1800 na William Herschel, mwanamuziki na mwanafalaki mzaliwa wa Hanover, Ujerumani, aliyekuwa akiishi Uingereza. Alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukatawanyika na kuwa rangi, kisha akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, ndicho kilichopanda zaidi.

Kila kitu hutoa mionzi ya aina hiyo, na kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyoitoa kwa wingi. Kamera za mafundi hunasa mawimbi ya takriban mikromita 8 hadi 14 na kuyageuza kuwa picha. Rangi zinazoonekana ni za kubuni tu. Kamera huchukua sehemu yenye joto jingi zaidi na yenye joto kidogo zaidi mbele yake, ikazigawia rangi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo doa jekundu laweza kuwa la nyuzi 90, au likawa limezidi pembezoni mwake kwa nyuzi mbili tu. Anayeonyeshwa picha hana budi kuuliza tarakimu.

Kampuni ya AGA ya Sweden ilitoa chombo cha kukagulia nyaya za umeme mnamo 1965. Vyombo vya miaka hiyo vilikuwa vizito na vilihitaji kupozwa kwa naitrojeni ya majimaji, jambo lisilowezekana kwa fundi wa mtaani. Vipokezi visivyohitaji kupozwa viliingia sokoni katika miaka ya 1990, na kufikia 2014 kulikuwa na kamera za kuchomekwa kwenye simu. Nchini Kenya, wapo waliosikia habari zake mwaka wa 2016, ilipotangazwa kwamba askari wa wanyamapori katika Maasai Mara wanazitumia kuwanasa majangili usiku.

Isichanganywe na ile bastola ndogo ya kupimia joto la paji la uso iliyozoeleka wakati wa janga la Covid-19 mnamo 2020. Ile husoma wastani wa joto la duara moja tu. Nyingi za mafundi, ukisimama mita 1.2 kutoka ukutani, husoma duara la upana wa sentimita 10 hivi. Skrubu moja iliyochemka ndani ya duara hilo humezwa na ubaridi wa vinavyoizunguka.

Kwa nini kiungio huchemka

Umeme unapopita penye ukinzani hutoa joto, na joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo. Chukua mfano wa skrubu iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.05, kiasi ambacho kwa macho si kitu. Ukipita mkondo wa ampea 20, hapo panatokea wati 20 za joto, zikiwa zimejazana mahali padogo kuliko ukucha. Hizo hazipungui sana zile za chuma cha kulehemu cha fundi wa redio. Waya wa kawaida wa nyumbani wenye ganda la PVC umetengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi, na Mombasa hewa yenyewe tayari hufikia nyuzi 30 na zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba breka au fyuzi itakata umeme kabla ya madhara. Breka hukata mkondo unapozidi kiwango, na kiungio kilicholegea hakizidishi mkondo. Ampea 20 zilizokuwa zikipita jana ndizo zinazopita leo, ila leo sehemu yake inageuka joto njiani. Breka haina habari.

Kisauni ina sababu zake za kuwa na viungio vya namna hiyo. Eneo hili limezungukwa na maji ya chumvi: Bahari Hindi mashariki, mkono wa bahari wa Tudor upande wa kusini-magharibi na ule wa Mtwapa kaskazini. Upepo huleta chumvi inayokula shaba na kutia kutu skrubu za chuma, na uharibifu huzidi pale waya wa alumini unapokutana na wa shaba bila kiungio maalumu, kwani metali hizo mbili zikilowa pamoja hulana. Vilevile kuna nyumba za vyumba vya kupangisha ambamo wapangaji kadhaa hutumia mita moja. Nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio huongezewa friji, pasi na jagi la umeme, na kila mpangaji mpya huja na fundi wake wa kuunganisha.

Saa ya kupiga picha

Kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, matumizi yakipungua kwa nusu joto hupungua hadi robo. Ile skrubu ya wati 20 hubaki na wati tano tu, na huenda isionekane kabisa. Fundi anayekuja saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na vifaa vikiwa vimezimwa, ataondoka na picha safi isiyo na maana. Mwongozo unaofuatwa na wakaguzi wengi ni kwamba mzigo uwe angalau asilimia 40 ya uwezo wa mfumo. Katika nyumba ya kawaida hali hiyo hupatikana kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati wa kupika, kupiga pasi na kutazama televisheni. Usiku pia una faida nyingine, kwamba ukuta uliochomwa na jua la alasiri huwa umeanza kupoa.

Kitu cha pili ni uso wa kinachopigwa picha. Tepu ya umeme na rangi ya mafuta hutoa takriban asilimia 90 au 95 ya mionzi inayolingana na joto lao. Shaba iliyong'arishwa hutoa kama asilimia tano, na inayobaki huiakisi kama kioo cha kujitazamia. Fundi akielekeza kamera kwenye mwamba wa shaba unaometameta, nyuzi 33 anazosoma huenda ni za uso wake mwenyewe, ilhali shaba imepita nyuzi 80. Dawa ni kusoma ganda la waya lililo karibu na kiungio, au kubandika kipande cha tepu kwenye metali. Kubandika huko hufanywa umeme ukiwa umezimwa.

Aidha, kamera haioni kupitia kioo wala kifuniko cha plastiki cha bodi. Sharti kifuniko kifunguliwe huku umeme ukipita, na hiyo ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Volti 240 huua. Kwa mujibu wa sheria za kawi nchini, zilizofanyiwa marekebisho makubwa kwa Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kuwa na kamera si leseni. Na palipo na lakiri ya mita ya Kenya Power, hata fundi mwenye leseni hana ruhusa ya kuikata. Akiona joto upande huo, jukumu lake ni kutoa taarifa kwa kampuni.

Kusoma tarakimu

Chama cha NETA cha Marekani, kinachoshughulikia upimaji wa vifaa vya umeme, kina vipimo vinavyotumiwa na wakaguzi wengi duniani. Viungio viwili vya aina moja, vyenye mzigo unaolingana, hulinganishwa. Tofauti ya nyuzi moja hadi tatu ni ya kufuatiliwa, nne hadi 15 huashiria kasoro, na inayozidi 15 hudai marekebisho ya haraka. Maneno "mzigo unaolingana" ndiyo ya kuzingatiwa. Breka ya jagi la umeme haiwezi kulinganishwa na ya taa ya ukumbini kisha ya kwanza ikahukumiwa kuwa mbovu.

Umbo la joto nalo lina maana. Likiwa kali penye skrubu na kupungua polepole kando ya waya, tatizo ni kiungio, na pengine kukikata upya na kukikaza kwatosha. Waya ukiwa na joto sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, umebebeshwa kupita uwezo wake, na kukaza skrubu hakutasaidia kitu.

Na kuna kasoro za kuua ambazo hazina joto lolote. Kamera haitaonyesha kwamba nyumba haina waya wa ardhi, wala kwamba waya wa moto umebadilishana nafasi na wa nyutro, wala kwamba ganda la waya limepasuka ndani ya ukuta. Hayo hupimwa kwa vyombo vya kawaida, ikiwemo ile mega ambayo mafundi wameitumia kwa miongo mingi. Fundi mwenye kamera ya bei ghali lakini asiye na mega amenunua cha pili kabla ya cha kwanza.

Ripoti inayostahili kulipiwa hutaja saa, ampea zilizokuwa zikipita, joto la hewa na mahali palipopimwa, na huweka picha ya kawaida kando ya ile ya joto. Baada ya matengenezo hupigwa picha ya pili saa ile ile, vifaa vile vile vikiwa vimewashwa. Bila ya hiyo, mwenye nyumba amelipia ahadi.

Na fundi wa mabomba?

Kwa mafundi wa mabomba wa Ulaya na Marekani, ambako maji ya moto hupitishwa chini ya sakafu, kamera hii huonyesha bomba lilipo na linapovuja. Kisauni maji ya bombani huwa na joto linalokaribiana na la ukuta wenyewe. Kinachoonekana ni unyevu, kwani maji yakiwa yanageuka mvuke hupoza sehemu ya ukuta au dari. Hilo huonekana vyema zaidi katika siku kavu za kaskazi, Januari na Februari, kuliko wakati wa masika, hewa inapokuwa imejaa unyevu na ukuta haukauki. Doa baridi si thibitisho la mvujo: laweza kuwa kivuli, upepo unaopenya au chumvi inayovuta unyevu katika kuta za mawe ya matumbawe. Fundi mwangalifu hulithibitisha kwa kipimaunyevu kabla ya kushika nyundo na tindo.

Kwenye paa, jua linapotua, tangi la plastiki huonyesha mstari kati ya sehemu yenye maji na iliyo tupu, kwani maji hupoa polepole kuliko hewa. Hapo mgao wa maji wa siku zijazo waweza kupangwa bila mtu kupanda ngazi.