Samadi ya Ukara na Mbolea ya Viwandani
Kisiwa cha Ukara, kilichopo kaskazini mwa Ukerewe katika Ziwa Victoria, kina udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa majabali, na udongo wa namna hiyo huchoka upesi. Hata hivyo Wakara, ambao idadi yao kubwa haikuwaachia nafasi ya kupumzisha ardhi, walilima mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka kwa kutegemea samadi, yaani kinyesi na mkojo wa mifugo uliochanganyika na nyasi za malazio, waliyoipata kwa kufungia ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, na kuwaletea majani yaliyokatwa kando ya ziwa. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaonasa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria waishio mizizini, kisha wakaufukia ungali mbichi ili uoze na kuwa mboji. Ni ustadi unaostahili heshima kubwa.

Mbolea ya viwandani, ambayo wakulima wengi wa Tanzania huiita ya chumvichumvi, ina asili nyingine: mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea hiyo, kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni. Nchini Tanzania, kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 kwa kutegemea malighafi za kigeni, kilifungwa mwaka 1991. Mbolea ya viwandani huyeyuka haraka na kulisha mmea mara moja, lakini haileti mboji, na mchanga usio na mboji huiachia ichukuliwe na mvua.