Jirani Aliyesikia Kilio

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba ugomvi wa mume na mke hauingiliwi na mtu wa nje. Neno hilo lilifika hata Bungeni. Mwaka 1979 Mswada wa Ndoa ulipojadiliwa Nairobi, baadhi ya wabunge waliupinga kwa kuwa ungemzuia mume kumrudi mkewe kwa kiboko. Walisema hilo ni jambo geni kwa Mwafrika. Mswada haukupita. Wake zao hawakuulizwa, nadhani.

Kama Bunge lilisita, jirani angefanyaje? Alisikia kilio ukutani, akaongeza sauti ya redio. Asubuhi mama alikwenda kwa wazee wa kanisa, nao mara nyingi walimpa neno moja tu: vumilia.

Hata hivyo fikira zetu zimegeuka. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003, wanawake 68 katika kila 100 walikubali kwamba mume aweza kuwa na haki ya kumpiga mkewe, kwa mfano akiunguza chakula au akitoka bila kumwambia. Mwaka 2014 walikuwa 42. Si wachache hao, ndugu zangu!

Mwaka 2015 ikaja sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Kwa sheria hiyo, mtu yeyote mwenye sababu ya kushuku aweza kutoa habari: jirani, mchungaji, hata mwenye nyumba. Na asiyethubutu kubisha mlango usiku, simu ya bure ni 1195.