Kizimba Kisichorekebishika: Hoja Kuhusu Ufugaji wa Minki na Mbweha kwa Ajili ya Manyoya

Tarehe 4 Novemba 2020, Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, alitangaza kwamba minki wote wa nchi hiyo wauawe. Walikuwa kati ya milioni 15 na 17, na virusi vya korona vilikuwa vimeingia katika mashamba yao, vikabadilika, kisha vikawarudia binadamu. Yaliyofuata yaliandikwa sana. Ikabainika kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kutoa amri ile kwa mashamba yasiyo na maambukizi. Waziri wa Chakula, Mogens Jensen, akajiuzulu. Mizoga iliyozikwa katika ardhi ya jeshi huko Jutland ikavimba kwa gesi na kuibuka juu ya mchanga, na mwaka uliofuata ikafukuliwa na kuteketezwa. Watu walibishana kuhusu afya, katiba na fidia. Jambo moja halikupewa uzito wake: Novemba ndio mwezi ambao minki huuawa kila mwaka. Wengi wa wale waliolilia roho za wanyama hao walikuwa wakililia wanyama ambao, ugonjwa usingekuwapo, wasingeuona mwaka mpya hata hivyo. Ni wale tu waliotengwa kwa kuzalishwa ambao wangebaki. Kwa hiyo, ukiacha upotevu wa mali na mbegu, swali la kimaadili halihusu juma lile la Novemba. Linahusu miezi sita au saba iliyolitangulia, na hakuna tume iliyoundwa kuichunguza hiyo.

Minki wa Marekani ni mnyama wa ukoo mmoja na fisi-maji, kicheche na nyegere. Porini huishi peke yake, hushika kingo za mito na maziwa kwa urefu wa kilomita kadhaa, huwinda nchi kavu na majini. Shambani huzaliwa mwezi wa Aprili au Mei ndani ya banda refu lililo wazi pembeni, lenye safu za vizimba vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi ili kinyesi kianguke chini. Pendekezo la Baraza la Ulaya la mwaka 1999, ambalo ndilo lililofuatwa kama kipimo katika nchi nyingi za bara hilo, linataka kizimba kiwe na eneo la sentimita za mraba 2,550 na kimo cha sentimita 45, mbali na sanduku la kulalia lenye majani makavu. Hizo hazizidi sana karatasi nne za A4 zilizopangwa sakafuni. Chakula, uji mzito wa mabaki ya samaki na ya machinjioni, hupakwa juu ya waya wa kizimba, na mnyama hukilamba kutokea chini. Karibu na saa ya kulishwa, tabia inayojulikana kwa kila aliyepita katika mabanda hayo huonekana wazi: minki hukimbia kutoka pembe hadi pembe, hugeuka mahali palepale kwa namna ileile, huzungusha kichwa, huanza tena. Wengine huitafuna mikia yao mpaka ikaisha manyoya. Mwisho wa mwaka minki huuawa kwa gesi ya kaboni monoksaidi au kaboni dayoksaidi. Mbweha huuawa kwa umeme unaopitishwa kutoka mdomoni hadi njia ya haja kubwa, kwa sababu njia hiyo haiachi alama kwenye ngozi.

Ninadai kwamba ubaya wa ufugaji huu hauko katika ukatili wa mfugaji fulani, wala katika ubatili wa vazi linalotokana nao. Uko katika pengo ambalo haliwezi kuzibwa: mambo ambayo mnyama huyu anayahitaji kwa nguvu ni yaleyale ambayo kizimba hakiwezi kumpa bila biashara yenyewe kufa. Dai hili lina sehemu mbili, na kila moja inahitaji ushahidi wake.

Sehemu ya kwanza ni ya kisayansi: tutajuaje mnyama anahitaji nini? Mwaka 2001, mtafiti wa tabia za wanyama Georgia Mason na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo hadi leo ni vigumu kulikwepa. Minki waliofugwa shambani waliwekewa vyumba vyenye vitu mbalimbali: dimbwi la kuogelea, kiota cha pili, jukwaa la juu, vitu vya kuchezea, njia ya chini kama shimo, vitu vipya vinavyobadilishwa, na chumba kitupu. Kila mlango ulitiwa uzito, na uzito ukaongezwa hatua kwa hatua. Bei ambayo mnyama yuko tayari kuilipa kwa misuli yake ndiyo kipimo cha hamu yake. Dimbwi lilishinda. Kisha watafiti wakawafungia minki milango kwa saa 24 na kupima homoni ya kotisoli katika mkojo. Kunyimwa dimbwi kuliipandisha homoni hiyo ya msongo kwa kiasi kilichokaribiana na kunyimwa chakula. Kunyimwa vitu vingine hakukuwa na athari hiyo.

Wafugaji walijibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Walisema minki wa jaribio lile walikuwa wamekwisha kuonjeshwa maji, na kwamba asiyewahi kuogelea hana cha kukikosa. Watafiti wa Denmark nao walilinganisha hamu ya maji na hamu ya gurudumu la kukimbilia, wakakuta gurudumu halishindwi na maji. Naukubali ushahidi huu, ila nauona unaielemea biashara yenyewe. Ikiwa si maji mahususi anayoyataka minki bali mwendo, nafasi na kazi ya mwili, basi kizimba kimemnyima zaidi ya dimbwi. Hoja ya kwamba mnyama hakikosi asichokijua, nayo ingekuwa na nguvu kama wanyama waliozaliwa vizimbani wangekuwa wametulia. Hawajatulia. Mbio za pembe kwa pembe zinaonekana kwa wanyama ambao hawajawahi kuona mto, wala wazazi wao, wala babu zao.

Hapa huletwa hoja ya karne nzima ya kufugwa: kwamba minki na mbweha wa leo si wanyama wa porini tena. Jaribio alilolianzisha mwanasayansi Dmitri Belyaev huko Novosibirsk, Urusi, mwaka 1959, na kuendelezwa na Lyudmila Trut, lilionyesha kweli kwamba mbweha wakichaguliwa kwa upole tu, kizazi baada ya kizazi, hugeuka wakawa wa kutikisa mkia na kumlamba mtu mkono. Lakini jaribio hilo linatufundisha pia kwamba upole huja pale unapochaguliwa, na pamoja nao huja mabaka meupe na mabadiliko mengine ya rangi, ambayo mnunuzi wa ngozi hayataki. Shamba la manyoya huchagua ukubwa, rangi na ubora wa ngozi. Na hata pale upole ulipotafutwa kwa makusudi, kama watafiti wa Denmark walivyofanya kwa minki wakafaulu kupunguza woga wao, kilichopungua ni hofu ya binadamu. Mnyama asiyemwogopa mtu bado ana miguu inayotaka kukimbia.

Hoja nyingine ya wafugaji ni ile inayowavutia wengi kwa wepesi wake: ngozi nzuri haitoki kwa mnyama anayeteseka, hivyo faida ya mfugaji ni mlinzi wa mnyama. Manyoya ya msimu wa baridi, hata hivyo, huongozwa na kupungua kwa mwanga wa mchana na lishe. Yanaweza kukomaa na kung'aa juu ya mwili wa mnyama aliyekimbia pembe kwa pembe tangu Julai. Na Finland imetupatia kielelezo cha faida inayomwangamiza mnyama badala ya kumlinda. Kwa kuwa ngozi kubwa huuzwa kwa bei ya juu mnadani, mbweha wa buluu wa huko, ambao ni aina ya mbweha wa aktiki, wamechaguliwa na kulishwa kwa ajili ya ukubwa. Mwaka 2017 wanaharakati walitoa picha za mbweha ambao ngozi iliwaning'inia kwa mikunjo hadi karibu kuziba macho, miguu imepinda kwa uzito. Mbweha wa aktiki wa porini ana kilo 3 hadi 5 hivi; wa shambani huweza kupita kilo 15. Hapo bei ya soko na afya ya mnyama zimeachana njia, na ni bei iliyofuatwa.

Sehemu ya pili ya dai langu ni ya kiuchumi, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mtu anaweza kuyakubali yote yaliyotangulia kisha akasema: basi na turekebishe. Nchi tatu zimefanya jaribio hilo kwa njia ya sheria. Uswisi haikuyapiga marufuku mashamba; iliagiza tu kwamba mnyama wa porini anayefugwa kwa manyoya apewe makazi ya kiwango cha bustani za wanyama. Mashamba hayakubaki. Uswidi, katikati ya miaka ya 1990, iliagiza mbweha wafugwe kwa namna itakayowawezesha kuchimba, kutembea na kuwa pamoja na wenzao. Ufugaji wa mbweha ukakoma katika miaka michache. Ujerumani iliagiza nafasi kubwa zaidi na dimbwi la kuogelea kwa minki. Wafugaji wakaenda mahakamani, sheria ikakazwa mwaka 2017, na shamba la mwisho likafungwa mwaka 2019. Katika nchi zote tatu sheria haikusema "acheni". Ilisema "mpeni mnyama anachokihitaji", na wafugaji wenyewe wakahesabu, wakafunga milango. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kizimba kile si kasoro ya biashara. Ndicho mtaji wake.

Kwa sababu hiyo nauona mpango wa WelFur, ulioanzishwa mwaka 2009 na chama cha wafugaji wa Ulaya, kuwa na udhaifu wa msingi licha ya kazi ya kitaalamu iliyomo ndani yake. Wakaguzi hutembelea shamba katika misimu mitatu, hupima lishe, makazi, afya na tabia, na kutoa alama. Lakini alama ya juu hupewa shamba lililo bora miongoni mwa mashamba yaliyopo. Kipimo kimewekwa ndani ya kizimba. Hakiwezi kukihukumu kizimba. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ilipotoa maoni yake ya kisayansi Julai 2025 kufuatia ombi la raia lililotiwa sahihi na zaidi ya watu milioni 1.5, iliona kwamba madhara makubwa kwa ustawi wa wanyama hawa hayawezi kuzuiwa wala kupunguzwa kwa kiasi cha maana katika mfumo wa vizimba vya sasa.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2000 ilisimama juu ya maadili ya umma: kumfuga mnyama na kumuua kwa ajili ya manyoya tu si sababu ya kutosha. Hitimisho lake nalikubali, msingi wake unanitia shaka. Ukisema kosa ni anasa, utalazimika kueleza kwa nini koti ni anasa na kiatu cha ngozi si anasa, na mjadala utaishia kwenye ladha za watu. Msingi wa pengo lisilozibika hauhitaji kumhukumu mvaaji.

Msingi huo una gharama yake, nayo haifichiki: haukomi kwa minki. Umoja wa Ulaya ulikwisha kupiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai tangu 2012, hivyo kuku alitangulia kupata kile ambacho minki hajapata. Vizimba vya namna ileile vinauzwa leo Nairobi na Dar es Salaam kwa wafugaji wanaotaka kuku wengi katika eneo dogo. Anayeikubali hoja hii dhidi ya Finland ajiandae kuulizwa kuhusu banda la nyuma ya nyumba. Tofauti iliyopo ni kwamba kuku anaweza kufugwa nje ya kizimba na bado akalipa. Mifano imejaa kila kijiji. Kwake marekebisho yanawezekana, na kwa hiyo wajibu ni kurekebisha.

Wapo wanaosema shamba limewaokoa wanyama wa porini. Afrika Mashariki inaijua historia ya upande huo: ngozi za mbega zilisafirishwa kwenda Ulaya kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, na za chui zikafuata mtindo wa miaka ya 1960. Lakini kilichomfaa chui ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na mabadiliko ya mitindo, maana hakuna aliyefuga chui vizimbani. Minki waliotoroka mashambani, kwa upande wao, wamekuwa janga kwa panya-maji wa Uingereza na kwa minki wa asili wa Ulaya.

Linabaki pingamizi la uhamisho: ukifunga Denmark, China itafuga. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana kufunga mashamba bila kufunga soko ni kazi nusu. California imezuia uuzaji wa nguo mpya za manyoya tangu 2023, na Israel ilitoa kanuni kama hiyo mwaka 2021 ikiacha mwanya kwa mavazi ya kidini. Hata hivyo pingamizi hili, likichunguzwa, halisemi kwamba kizimba cha Denmark ni halali. Linasema tu kwamba kuna kingine.

Wafugaji nao ni watu, na wengi wao wameishi vijijini magharibi mwa Finland au Jutland pasipo kazi nyingine nyingi. Norwei iliamua mwaka 2018 kuachana na ufugaji huu, ikatunga sheria mwaka 2019, ikaweka kikomo cha 2025 pamoja na fidia. Denmark ilitenga hadi takriban kroner bilioni 19 kulipia uamuzi wa siku moja uliofanywa kwa hofu, na marufuku yake ya muda ikaisha mwanzoni mwa 2023. Mashamba machache yamekwisha kufunguliwa tena, yenye vizimba vya vipimo vilevile.