Maembe ya Matiliku na Mkataba wa Ulaya

Si mbali na Matiliku, katika kaunti ya Makueni, upo mlima wa Nzaui, ambao Wakamba wa kale walisimulia kuwa juu ya mwamba wake Mulungu aliwateremsha mume na mke wa kwanza, na nyayo zao, pamoja na kwato za ng'ombe wao, zikabaki zimechapika katika jiwe. Nami naitaja habari hii kwa sababu katika hadithi hiyo ng'ombe walishuka pamoja na watu, na tangu hapo Mkamba na mali yake hawajapata kutenganishwa, hata na siasa. Ukiketi sokoni msimu wa maembe utawasikia watu wawili ambao kura zao zote hukiendea chama kimoja, yaani Wiper cha Kalonzo Musyoka, wakihasimiana kwa ajili ya mkataba wa biashara huria baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya.

"Mzee, maziwa ya unga ya Ulaya yakija kwa bei ya bure, mimi nitamkamua ng'ombe nimuuzie nani?" husema mmoja.

"Kijana wangu, wewe una ng'ombe wawili, mimi nina miembe mia. Maembe yakiniozea chini ya mti, chama kitakuja kuyala?" hujibu wa pili.

Wote wawili, kwa masikitiko, hujadiliana juu ya waraka ambao hakuna aliyewaletea: katika ratiba ya ushuru ya mkataba huo maziwa ni miongoni mwa vitu vilivyotengwa visifunguliwe, na maembe ya Kenya yalikuwa na ruhusa ya kuingia Ulaya bila ushuru miaka mingi kabla wino haujakauka.

Mikataba ya namna hii ina umri mkubwa kuliko vyama vyetu vyote. Mnamo mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Zanzibar, alifanya muahada na Marekani, akakubali kuwa bidhaa za taifa hilo zitozwe ushuru wa asilimia 5 tu katika bandari zake, na baada ya hapo akawapa Waingereza na Wafaransa masharti yaliyokaribiana na hayo. Nayo marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, ikaenea bara mpaka jina la taifa likawa jina la kitambaa. Wakamba ndio waliokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu katika siku hizo, na Kivui wa Kitui, aliyemkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa tajiri kwa biashara iyo hiyo. Hakuna aliyemuuliza Kivui kama asilimia 5 zamfaa au hazimfai. Nusu karne baada ya muahada wa Sayyid Said, mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin yakaandika sharti la biashara huria kwa bonde la Kongo na kwa nchi za mashariki yake mpaka bahari ya Hindi, na safari hiyo hata sultani hakuketi mezani.

Uhuru ulipokuja mambo yaligeuka, lakini si kwa kadiri iliyotarajiwa. Mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokataa kuwa washirika wa Soko la Pamoja la Ulaya. Mwaka 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zikatia sahihi mapatano na soko lile lile, tena mjini Arusha. Ukafuata mkataba wa Lomé mwaka 1975, kisha wa Cotonou mwaka 2000, na katika hiyo miwili Ulaya ilitufungulia milango yake pasi na kutudai tufungue yetu. Fadhila hiyo ilikuwa na muda, kwani ruhusa iliyotolewa na Shirika la Biashara Duniani ilikoma mwishoni mwa 2007, na kuanzia hapo kila aliyetaka kupewa alitakiwa naye atoe.

Ndipo ikhtilafu yenyewe ilipozaliwa. Novemba 2007 nchi za Afrika Mashariki zilitia herufi zao katika mapatano ya awali, kwa haraka ya mtu anayekimbilia garimoshi, ilhali mwaka huo huo jumuiya ya wakulima wadogo wa Kenya ilikuwa imekwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba wanaotajwa katika mkataba hawakushirikishwa katika kuuandika. Hukumu ilitoka Oktoba 2013, miaka sita baadaye, ikiiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wananchi katika mashauriano hayo. Nasi hapa Ukambani twajua kuwa katika miaka sita mwembe uliopandwa siku ya kufungua kesi huwa umekwisha kuzaa.

Kuna jambo ambalo lisipofahamika ugomvi wote haueleweki. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimehesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, na kwa hiyo bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya peke yake, kwa heshima ya kuonekana si maskini sana, haina kinga hiyo. Mashauriano yalipochelewa, Ulaya ilianza kutoza ushuru maua na mboga za Kenya tarehe 1 Oktoba 2014, na kabla wiki tatu kupita pande zote zilikuwa zimekamilisha mazungumzo, zikikubaliana kwamba Afrika Mashariki ifungue asilimia 82.6 ya soko lake kwa muda wa miaka 25. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia sahihi mjini Brussels, Tanzania ikakataa.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa na yeyote anayedhani kuwa chama humwamulia mtu rai yake. Serikali ya Jakaya Kikwete wa Tanzania, ya chama cha CCM, ilikuwa mezani mazungumzo yalipokamilishwa mwaka 2014. Serikali ya John Magufuli, ya CCM hiyo hiyo, ndiyo iliyokataa mwaka 2016. Na Benjamin Mkapa, ambaye Tanzania iliingia katika mkataba wa Cotonou akiwa Rais wake, aliandika hadharani kuupinga mkataba mpya. Novemba mwaka huo, mjini Dodoma, wabunge wa chama tawala na wa upinzani wakasimama upande mmoja kuishauri serikali isisaini, jambo ambalo kwa siasa za siku zile lilikuwa nadra kama mvua ya Julai huku kwetu.

Kwa Wiper mambo ni magumu zaidi kuliko wafuasi wake wanavyopenda kukiri. Mashauriano yaliendelea chini ya serikali ambayo Kalonzo Musyoka alikuwa Makamu wake wa Rais kati ya 2008 na 2013. Yakarithiwa na serikali iliyofuata, ya Jubilee, ambayo mwaka 2020 ilitia sahihi na Uingereza mkataba wake wa pekee. Na tarehe 18 Desemba 2023 serikali ya muungano wa Kenya Kwanza, iliyoipokea Jubilee, ikatia sahihi jijini Nairobi mkataba na Umoja wa Ulaya, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Maadamu kila mkono umeushika, hakuna wa Matiliku awezaye kuutupia jirani akasema huu ni wenu.

Na lile embe? Mwaka 2014, wakati mabwana wa biashara walipokuwa wakihesabu asilimia, Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, ambaye huchoma ngozi ya tunda akataga mayai ndani, na funza mmoja akionekana bandarini shehena nzima hukataliwa. Mlango ulifungwa hivyo mpaka 2021, ushuru ukiwa sifuri. Katika miaka hiyo kaunti ya Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha matunda huko Kalamba ili embe lisilofika Ulaya lisagwe kuwa rojo, na wakulima wakafundishwa kutundika mitego ya nzi mitini na kuyazika matunda yaliyodondoka. Mzee mwenye miembe mia huyaokota yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kijana mwenye ng'ombe humsaidia kuchimba shimo. Kubishana huendelea wakichimba.