Vibao vya Mto Tallahatchie

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kutafuta ushahidi katika vitabu na nyaraka. Lakini yuko shahidi mwingine asimamaye kando ya njia, juani na mvuani, mwenye maneno machache yasomwayo na mpita njia kwa muda mfupi: naye ni kibao cha ukumbusho. Shahidi huyu hana budi kuhojiwa kama mashahidi wengine. Nani alimweka? Alimweka lini, na kwa nini si mapema? Nani achukizwaye naye? Nataka kuyauliza maswali haya katika Tallahatchie, wilaya ya mashamba katika jimbo la Mississippi, Marekani, iitwayo kwa jina la mto upitao ndani yake.

Wilaya hii ina makao makuu mawili, Charleston na Sumner. Mwaka 1913 ilisimamishwa sanamu mbele ya mahakama ya Sumner, kuwatukuza askari wa majimbo ya Kusini waliopigana vita vya 1861 hadi 1865, vita ambavyo kiini chake kilikuwa utumwa. Hivyo wilaya iliyolimiwa pamba na watu Weusi ilisema habari zake kwa ulimi wa watu Weupe peke yao.

Agosti 1955 Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14, alitoka Chicago kuwazuru jamaa zake katika wilaya jirani ya Leflore. Ikavumishwa kwamba amemvunjia heshima mwanamke Mweupe dukani. Usiku wa tarehe 28 alichukuliwa kwa nguvu. Tarehe 31 mwili wake ulionekana katika Mto Tallahatchie, umefungwa kwa seng'enge pamoja na feni nzito ya chuma ya mashine ya kuchambulia pamba. Mama yake, Mamie Till, alitaka jeneza liachwe wazi huko Chicago, ili watu wajionee wenyewe. Mwezi Septemba Roy Bryant na J. W. Milam walishtakiwa Sumner mbele ya waamuzi 12, wote wanaume Weupe. Waamuzi hao walishauriana kwa muda uliozidi saa moja kidogo tu, wakawaachia huru. Januari 1956 wawili hao walikiri mauaji katika gazeti la Look, nao wakalipwa. Sheria haikuruhusu washtakiwe tena kwa kosa lile lile.

Dunia nzima ilizisikia habari hizi, lakini barabara za Tallahatchie zilikaa kimya kwa miaka 50. Kimya hicho nacho ni ushahidi. Mwaka 2005 sehemu ya barabara kuu ipitayo wilayani ilipewa jina la Till. Mwaka 2006 wananchi Weusi na Weupe waliunda kamati ya ukumbusho, wakihimizwa na Jerome Little, diwani Mweusi. Tarehe 2 Oktoba 2007 kamati hiyo ilisimama nje ya mahakama ile ile, ikawaomba radhi hadharani jamaa za marehemu. Mwaka 2008 vibao vikasimikwa.

Kimoja kiliwekwa Graball Landing, ukingoni mwa mto. Kikaibwa na kutupwa majini. Cha pili kilipigwa risasi hata kikawa na matundu zaidi ya 100. Cha tatu kiliwekwa mwaka 2018, na baada ya siku 35 kikapigwa risasi. Cha nne kilisimikwa Oktoba 2019, cha chuma kizito kisichopenya risasi, chenye uzito uliozidi kilo 220.

Wako wasemao kwamba kufufua habari za namna hii ni kutonesha kidonda kilichopona. Hoja hii inasikika kama busara, lakini vibao vyenyewe vinaikanusha. Kidonda kilichopona hakimtumi mtu kubeba bunduki usiku kwenda kukishambulia kipande cha bati. Aliyefyatua risasi hakukusudia hivyo, lakini ameongeza sura katika historia ya wilaya: ametuonyesha kwamba chuki ya 1955 haikuzikwa na watu wa 1955. Mwaka 2021 kibao kimoja chenye matundu hayo kilionyeshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia mjini Washington. Hakikutengenezwa kwanza, kwa kuwa matundu yalikuwa sehemu ya maandishi. Na tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo Till angetimiza miaka 82, Graball Landing na mahakama ya Sumner, pamoja na kanisa la Chicago alikoagwa, vilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Basi yeyote atakaye kuandika habari za wilaya yake asitosheke na kunakili maneno ya kibao. Na atazame pia mwaka kilipowekwa, nafasi iliyokaa tupu kabla yake, na makovu kiliyoyapata. Kibao hakilindi ukweli kwa sababu ni cha chuma. Kile cha Graball Landing kimesimama kwa sababu kila kilipoangushwa, palikuwapo watu waliokubali gharama na hatari ya kukisimamisha tena.